Kumfundisha nesi, tabibu au mtu wa optometria kusoma picha za retina za mgonjwa wa kisukari: mwongozo kamili kwa kliniki za Dodoma na jirani zake

Huu nimeuandika kwa yule ambaye ameshaambiwa kwenye kikao kwamba yeye ndo atasimamia mafunzo, alafu kikao kikaisha watu wakaondoka. Kamera ya kupiga picha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ipo, pengine bado iko kwenye boksi, siku ya kliniki ya kisukari wagonjwa wanajaa mpaka kwenye korido, na daktari wa macho ni mmoja tu ambaye siku hiyohiyo yuko chumba cha upasuaji anatoa mtoto wa jicho. Hapo kila mgonjwa kuonwa na bingwa haiwezekani. Inabidi nesi, tabibu au mtu wa optometria (anayepima uoni na miwani) aweze kuangalia picha na kusema huyu arudi nyumbani, huyu apewe rufaa, huyu aende wiki hii hii.

Nitakachokirudia mpaka uchoke ni hiki: kusoma picha hakufundishwi kwa slaidi. Mtu anajifunza kwa kuangalia picha peke yake, kuandika jibu lake kwenye karatasi, alafu kuambiwa hapo hapo amepatia au amekosa na kwa nini. Picha moja, mbili, mia, mia tatu. Semina ya siku mbili yenye posho, chai na hotuba ya mgeni rasmi inatoa cheti, haitoi msoma picha.

Na wale wanaosema hii kazi ni ya madaktari peke yao, waende Kongwa wakaulize habari za trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha. Kanda hii ya kati imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miongo, na ule mfumo rahisi wa WHO wa 1987 wa kupanga hatua za trakoma ulitengenezwa makusudi ili hata mtu asiye bingwa aweze kuutumia kijijini. Kabla ya kuingia mtaani kupima watu, wasomaji wale wanapewa mtihani wa kulinganisha majibu yao na ya mtaalamu. Sisi tunafanya kitu kilekile, ila safari hii tunaangalia nyuma ya jicho, sio ndani ya kope.

Kabla ya yote: rufaa inaenda wapi?

Usianze kufundisha mtu hata mmoja kabla hujajua mgonjwa atakayekutwa na shida atapelekwa wapi. Piga simu. Kwa Dodoma watu wanafikiria Hospitali ya Benjamin Mkapa kwanza, na ngazi ya juu zaidi kuna KCMC kule Moshi na Muhimbili Dar, lakini usiandike jina la hospitali kwenye fomu kwa mazoea tu. Uliza leza ya retina inafanya kazi leo? Dawa ya sindano ya ndani ya jicho ipo? Kliniki ya retina ni siku gani? Bima inakubali au mgonjwa analipa mfukoni, na ni shilingi ngapi? Andika majibu kwenye karatasi moja, ibandike ukutani juu ya kompyuta. Mgonjwa akitoka Mpwapwa au Chemba na nauli ya kuazima akafika akaambiwa mashine mbovu njoo mwezi ujao, harudi tena, na jirani yake naye haji.

Leza kwa mgonjwa aliyefika hatua ya mishipa mipya (mishipa ya damu isiyo ya kawaida inayoota kwenye retina) ilishathibitishwa tangu miaka ya 1970 kwamba inapunguza hatari ya upofu mkubwa kwa nusu au zaidi. Ila inazuia, hairudishi macho yaliyokwisha kupotea. Ndo maana tunamtafuta mtu ambaye bado anaona vizuri kabisa na anashangaa kwa nini unamsumbua.

Kuchagua watu

Chukua watu wachache, wawili au watatu kwa kituo, wanaokaa kliniki kila wiki. Sio yule ambaye kila semina jina lake lipo. Mwangalie mtu mwenye subira ya kutazama kitu kimoja kwa dakika tatu bila kushika simu.

Alafu mpime macho yeye mwenyewe. Watu wengi wanaruka hapa. Uoni wa mbali na wa karibu, miwani kama anahitaji, na kitabu cha Ishihara cha kupima rangi. Mtu mwenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na wanaume ndo wanaokuwa nayo zaidi, atapata tabu kuona kidoti chekundu kwenye retina yenye rangi ya machungwa. Sio kwamba hafai kabisa, ila ni bora ujue mwanzo kuliko kumlaumu baadae kwamba ni mvivu.

Mchague mfumo mmoja, muufuate

Kuna mifumo miwili ya kupanga ngazi za ugonjwa mtakutana nayo kila mahali. Wa kimataifa, uliochapishwa 2003, una ngazi tano: hakuna ugonjwa, mdogo, wa kati, mkali, na ule wenye mishipa mipya, alafu uvimbe wa makula, ile sehemu ya katikati ya retina ya kuonea vitu vidogo, unaandikwa pembeni. Wa Uingereza unatumia herufi: R0 (hakuna ugonjwa), R1, R2 mpaka R3 (mishipa mipya) kwa retina, M0 (haina shida) au M1 (ina shida) kwa makula. Yote miwili ni mizuri. Kinachoharibu ni kuichanganya, nesi anaandika R2 huku tabibu ameandika "wa kati", na aliyepokea rufaa hajui kama wanaongelea jicho moja.

Ushauri wangu kwa anayeanza: mwezi wa kwanza asahau ngazi zote. Awe na majibu manne tu. Arudi baada ya mwaka. Rufaa ya kawaida. Rufaa ya haraka. Picha haisomeki. Mtu akishaweza kupanga picha kwenye mafungu hayo manne bila kusitasita, ngazi anajifunza ndani ya wiki, kwa sababu anakuwa ameshaelewa zinatumika kufanya nini.

Jicho zima kwanza

Wiki ya kwanza usionyeshe ugonjwa hata mmoja. Najua inaboa, wanafunzi watalalamika kwamba wamekuja kujifunza kisukari unawaonyesha macho mazima, waache walalamike. Asiyejua jicho zima lilivyo ataona ugonjwa kila mahali, na mwisho hospitali ya rufaa itaacha kumwamini.

Afundishwe kwa mpangilio uleule kila picha, bila kuruka. Aanze na diski, ile duara ya njano iliyopauka ambapo neva ya jicho inatokea. Hapo anajua ni jicho gani: diski iko upande wa pua, kwahiyo kwenye picha ya jicho la kulia diski inakuwa kulia kwako, na jicho la kushoto inakuwa kushoto. Afuate mishipa minne mikubwa, wa juu na wa chini kila upande, aende nao mpaka mwisho wa picha. Ateri ni nyembamba na nyekundu inayong'aa, vena ni nene kidogo na nyekundu iliyokolea. Mwisho aende makula, sehemu iliyokolea rangi, ambayo katikati yake inaitwa fovea, iko kama kipenyo cha diski mara mbili na nusu kutoka katikati ya diski, ikishuka chini kidogo.

Kipenyo cha diski ndo rula yetu. Mfundishe kukata kipande cha plastiki inayoonyesha, achore duara la ukubwa wa diski, awe anaiweka juu ya skrini kupima umbali. Baadae kwenye makula rula hiyo itaamua nani aende rufaa.

Kuna jambo la picha zetu hapa. Retina ya mtu mweusi imekolea rangi kuliko nyingi za kwenye vitabu vya Ulaya, na kwa vijana ina mng'ao wa fedha unaofuata mishipa ambao mgeni anaudhania uvimbe. Aliyejifunzia kwenye picha za wazungu pekee akiletewa mzee wa Bahi anapotea. Kwahiyo hata hizi za macho mazima, nyingi ziwe za kwenu.

Ugonjwa wenyewe, kwa mpangilio wa hatari

Hapa kaa sana. Kila dalili ipewe picha zake, na karibu na kila picha weka nyingine ya kitu kinachofanana nayo lakini sio chenyewe.

Vidoti vyekundu. Vya kwanza kutokea ni vivimbe vidogo kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, maikroanyurizimu. Vinaonekana kama nukta nyekundu ya duara yenye ukingo mkali, ndogo kuliko unene wa vena inapotoka kwenye diski. Ikiwa kubwa kuliko hapo au ukingo umevurugika, iite damu. Usipoteze nusu saa mkigombana kama nukta ni kivimbe au damu, andikeni mmekiona, endeleeni. Mwanafunzi awashe kichujio cha kijani kwenye programu ya kamera, kwenye kijani damu inageuka nyeusi na vidoti ambavyo hakuviona kabisa vinajitokeza. Na akuze picha, apitie kipande kwa kipande. Anayesoma picha nzima kwa mkupuo anakosa vidoti.

Damu ndani ya retina. Kuna ya mabaka ya duara, na kuna ya michirizi kama ulimi wa moto ambayo inakaa juu kwenye nyuzi za neva. Michirizi mingi mfikirie mtu wa presha pia, na wagonjwa wetu wengi wana vyote viwili kwenye kadi moja. Damu ikijaa robo moja tu ya retina, jicho moja, na jicho la pili liko safi, hiyo mara nyingi ni vena iliyoziba, nayo inaenda rufaa vilevile.

Mafuta ya njano. Mishipa inavuja, maji yanakauka, mafuta yanabaki: vipande vya njano vyenye ukingo mkali, wakati mwingine vimejipanga duara kuzunguka sehemu inayovuja. Anayeanza anachanganya na madoa ya uzee, ambayo ukingo wake umefifia, hayana damu karibu na kwa kawaida yako macho yote mawili. Kama kuna mafuta ya njano na hakuna kidoti chekundu hata kimoja popote, asimame ajiulize tena.

Madoa ya pamba. Meupe, laini, ukingo hauonekani vizuri, yanatokea pale nyuzi za neva zinapokosa damu. Kisukari kinayaleta, presha inayaleta, na VVU pia inayaleta, kwahiyo akiona madoa ya pamba mtupu kwa mtu ambaye sukari yake imegundulika juzi, aulize mengine kabla ya kulaumu sukari.

Sasa zile tatu za kutisha ambazo bado hazijawa mishipa mipya. Ngazi ya mkali kwenye mfumo wa kimataifa inashikwa kwa kanuni ya 4-2-1: damu zaidi ya 20 kwenye kila robo kati ya robo zote nne, au vena zilizovimba-vimba kama shanga kwenye robo mbili au zaidi, au mishipa midogo isiyo ya kawaida ndani ya retina, ile wanaita IRMA, ikionekana wazi kwenye robo moja au zaidi. Moja tu kati ya hizo inatosha. Picha mbili tunazopiga kila jicho, zenye upana wa digrii 45, hazifiki pembezoni mwa retina, kwahiyo msoma picha asikae kusubiri atimize hesabu kamili. Akikaribia, apeleke.

IRMA na mishipa mipya ndo inasumbua hata waliosoma miaka mingi. IRMA inabaki ndani ya retina na haipiti juu ya mishipa mikubwa. Mishipa mipya inajikunja vitanzi, ni myembamba kama uzi, inavuka juu ya ateri na vena, na ikiwa kwenye diski au karibu nayo ni hatari zaidi. Kanuni ya kufundisha ni moja: ukishindwa kutofautisha, iite mishipa mipya na uandike rufaa ya haraka. Bingwa akisema ilikuwa IRMA tu hakuna aliyepofuka.

Damu mbele ya retina, mara nyingi ina mstari wa juu ulionyooka kama imetulia kwenye chombo, utando mweupe unaovuta retina, au picha nzima ina ukungu mwekundu na mgonjwa anasema jicho limezimika ghafla tangu jana: huyo hasubiri tarehe, simu inapigwa mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Makula ina hesabu yake

Mtu anaweza kuwa na ugonjwa mdogo pembeni lakini makula inavimba na hawezi kusoma namba kwenye simu. Picha ni bapa, haionyeshi unene, uvimbe wenyewe unapimwa kwa mashine ya OCT ambayo wengi hatuna kliniki. Tunachofanya ni kutafuta alama zinazoashiria uvimbe. Kwa utaratibu wa Uingereza mgonjwa anaenda rufaa kama kuna mafuta ya njano ndani ya kipenyo kimoja cha diski kutoka katikati ya fovea, au kuna kundi la mafuta ndani ya makula, au kuna kidoti chekundu au damu ndani ya kipenyo hicho hicho na uoni bora wa jicho hilo ni 6/12 (anasoma akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazuri anasoma akiwa mita 12) au chini ya hapo.

Umeona kwamba bila kipimo cha uoni sharti la tatu haliwezekani? Ndo maana picha na uoni vinaandikwa kwenye fomu moja, siku moja, na mtu mmoja.

Kupiga picha yenyewe

Hapa nitakwenda haraka maana kila kamera ina kitabu chake. Uoni upimwe kwanza, kabla ya dawa, jicho moja moja, akiwa na miwani yake, alafu na kitobo (kadi yenye tundu dogo la kuchungulia). Asiyesoma atumie chati ya E. Dawa ya kutanua mboni ni tropikamaidi, subirini kama dakika 20, wazee na wenye kisukari cha muda mrefu mboni zao ni ngumu, wengine wanahitaji tone la pili. Aulizwe kabla kama alishawahi kuambiwa ana presha ya macho (glaukoma) ya kubana, na aambiwe jicho likiuma sana, likawa jekundu na akatapika arudi hospitali siku hiyohiyo. Na asiendeshe bodaboda kurudi. Kwa jua la Dodoma mchana mwambie aje na kofia na mtu wa kumsindikiza.

Picha mbili kila jicho: moja makula katikati, moja diski katikati. Chumba kiwe na giza. Kope ishikwe juu kwa kidole kama inaning'inia.

Vumbi ndo adui wa kamera kwetu. Doa la vumbi kwenye lenzi linafanana kabisa na kidoti au doa la pamba, tofauti yake ni kwamba linakaa palepale kwenye picha ya kila mgonjwa. Kila asubuhi wapige picha ya majaribio, waangalie. Kamera ifunikwe, madirisha upande wa upepo yafungwe, na UPS iwepo maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi mnapoteza picha na mgonjwa ameshaondoka.

Picha isiyosomeka sio picha ya jicho lenye afya. Mwanafunzi aelewe hili vizuri. Kama mishipa midogo karibu na fovea haionekani, jibu ni "haisomeki", wajaribu tena, na ikishindikana mgonjwa anaenda kuonwa na daktari wa macho. Mara nyingi sababu ni mtoto wa jicho, ambayo nayo ni shida inayotibika, kwahiyo safari yake haijapotea bure.

Mazoezi: kiini cha mafunzo yote

Unahitaji mafungu matatu ya picha: za kufundishia, za mazoezi, na za mtihani. Za mtihani zifungiwe, mwanafunzi asizione hata kwa bahati mbaya.

Za kuanzia zipo mtandaoni bure. Messidor ya Ufaransa ina picha 1,200. IDRiD ya India ina 516, nyingine zikiwa na dalili zilizochorwa mipaka, nzuri sana kwa kufundishia. Ile ya mashindano ya 2015 kwenye tovuti ya Kaggle, yenye picha kutoka mfumo wa kupima macho wa EyePACS, ina makumi ya maelfu, ila ubora wake unapanda na kushuka na majibu mengine yana ubishi, mimi naitumia kufundisha picha zisizosomeka. Chuo cha LSHTM cha London kina kozi ya bure mtandaoni kuhusu macho na kisukari, na Cybersight, tovuti ya shirika la macho la Orbis, ina masomo mengine, mwanafunzi apitie jioni akiwa na bando, lakini zisichukue nafasi ya mazoezi.

Kisha kusanya za kwenu. Picha 200 zinatosha kuanza, zisomwe na bingwa na ikiwezekana wawili, kila mmoja kivyake, wanapotofautiana wakae pamoja. Usiweke wagonjwa wabaya tupu. Kliniki ya kweli picha nyingi ni za macho mazima, na anayezoea mafunzo ambapo kila picha ina ugonjwa anaanza kutoa rufaa kwa kila mtu.

Kila kikao kiende hivi. Picha 20, saa moja hadi moja na nusu. Kila mtu na karatasi yake, hamna kuongea, hamna kuchungulia, kila picha aandike mambo matatu: ameona nini, iko wapi, uamuzi wake ni upi. Baada ya picha tano mnasimama, mnafungua majibu. Anayetofautiana na bingwa aje kwenye skrini aonyeshe kwa kidole alichokiona. Usimwambie jibu haraka. Mwache aitafute damu aliyoikosa mpaka aione mwenyewe, maana dalili aliyoonyeshwa na mtu ataisahau kesho.

Na hapa kuna tatizo letu la heshima. Nesi kijana akikaa na tabibu mkubwa aliyemzidi miaka, tabibu akisema "hii ni nzima", nesi anaitikia hata kama ameona kitu. Karatasi inatibu hilo. Jibu likishaandikwa na kukusanywa kabla mtu hajafungua mdomo, kila mmoja anasimama na alichoandika, na mkubwa akikosea anarekebishwa na picha, sio na mdogo wake. Mfundishaji naye aandike yake.

Vikao viwili au vitatu kwa wiki kwa wiki sita hadi nane vinafaa kuliko wiki moja ya kutwa nzima. Macho yanachoka, baada ya picha kama 40 mfululizo mtu anaangalia bila kuona.

Mtihani na hesabu zake

Picha 100 zilizofungiwa, uamuzi mmoja: rufaa au hapana. Tuseme 20 zinahitaji rufaa kweli. Mwanafunzi amekamata 17 kati ya hizo 20, sensitiviti yake ni 85%. Kati ya 80 zisizohitaji amezipitisha 74, spesifisiti ni 92.5%. Kipimo kinachotajwa sana, kilichotoka Uingereza, ni angalau 80% kwa sensitiviti na 95% kwa spesifisiti. Huyu macho yake yanaona ila mkono wake mwepesi wa rufaa, arudishwe kwenye picha za macho mazima na madoa ya uzee. Yule mwenye spesifisiti 99% na sensitiviti 60% ni wa kuogopa zaidi, anaonekana mtulivu na mwenye uhakika huku anawarudisha nyumbani watu wanaokwenda kupofuka. Asikae peke yake kwenye kompyuta.

Angalia pia zile picha alizozikosa ni za aina gani. Kukosa tatu za vidoti karibu na makula sio sawa na kukosa moja ya mishipa mipya kwenye diski. Kwangu anayekosa mishipa mipya hata moja kwenye picha safi anarudia mtihani, hata kama asilimia zake ni nzuri.

Mkitaka kulinganisha wasomaji wawili tumieni kappa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu, sio asilimia ya kukubaliana peke yake, maana picha nyingi zikiwa nzima hata waliolala watakubaliana. Mfano: kati ya picha 100 wote wawili wamesema rufaa 18, wote wamesema hapana 70, wa kwanza peke yake rufaa 7, wa pili peke yake 5. Wamekubaliana 88%. Lakini kwa bahati tu wangekubaliana 63.5%, yaani 0.25 mara 0.23 ujumlishe 0.75 mara 0.77. Kappa ni 0.88 toa 0.635, gawanya kwa 1 toa 0.635, unapata kama 0.67. Sio mbaya, lakini kwenye trakoma wanataka 0.7 kabla mtu hajaenda kijijini, na mimi sioni kwa nini sisi tushuke chini ya hapo.

Baada ya kufaulu

Mwezi wa kwanza kila picha isomwe tena na bingwa, hata kwa mtandao jioni. Baada ya hapo bingwa asome zote za rufaa, zote zisizosomeka, na moja kati ya kila kumi zilizoitwa nzima, zichaguliwe kwa bahati nasibu na sio na msoma picha mwenyewe. Majibu yarudi kwake ndani ya wiki. Asiyerudishiwa majibu anashuka taratibu bila kujua. Kila miezi sita mtihani mwingine.

Picha kutumwa kwenye grupu la WhatsApp na jina la mgonjwa juu, acheni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria ni jicho la mtu. Weka namba ya kliniki, umri, muda wa kisukari na uoni, hayo yanamtosha anayesoma.

Kuhusu programu za kompyuta zinazosoma zenyewe, zipo, Marekani waliruhusu ya kwanza inayoamua bila daktari mwezi Aprili 2018. Mkiipata itumieni kama msomaji wa pili. Bado inahitaji picha nzuri, bado kuna picha itakazokataa, na bado lazima kuwe na mtu wa kumweleza bibi kwa nini apande basi.

Huko kueleza nako kunafundishwa, kwa kuigiza, mmoja akiwa mgonjwa. Mgonjwa wetu anaona vizuri, haumwi, ana mahindi shambani. Ukimwambia "una retinopathi ya ngazi ya kati" umempoteza. Geuza skrini aone mwenyewe:

"Bibi, hili ndo jicho lako kwa ndani. Hivi vidoti ni damu inayovuja kwa sababu ya sukari."

"Mbona naona vizuri mwanangu?"

"Ndiyo bibi, na tunataka ubaki hivyohivyo. Ukisubiri mpaka uone giza, dawa ipo ila jicho halirudi lilivyokuwa. Nani atakusindikiza Jumatano?"

Swali la mwisho ni la muhimu kuliko maelezo yote. Akimtaja mtu, andika jina na namba ya simu hiyo hapohapo kwenye rejista.

Wenye kisukari cha aina ya pili wote wapigwe picha tangu siku wanapogundulika, maana hakuna anayejua sukari ilianza lini. Aina ya kwanza wanaanza miaka mitano baada ya kugundulika. Mjamzito ambaye alikuwa na kisukari kabla ya mimba asisubiri, apigwe mapema mimba ikiwa changa kwa sababu ugonjwa unaweza kukimbia, ila aliyepata sukari ya mimba tu hahitaji kipimo hiki.

Rejista ya rufaa iwe na safu ya mwisho inayouliza "alifika?" Msoma picha ndo apige simu wiki mbili baada ya kuandika rufaa, sio mtu wa mapokezi, kwa sababu yeye ndo aliyeiona damu ile na yeye ndo atakayeweza kumjibu mtoto wa mgonjwa akisema mama ameamua anunue miwani. Asiyefika apigiwe tena, na akikwama kwa nauli au kwa kukosa msindikizaji jambo hilo liende kwa ustawi wa jamii wa hospitali kabla mwezi haujaisha.